Tajiri ngomeni, maskini langoni: ubeti uliofutwa na mstari uliobaki

Wimbo wa kanisani wa watoto, wa Kiingereza, uitwao All Things Bright and Beautiful una ubeti ambao wengi wanaouimba leo hawajawahi kuusikia. Unasema tajiri yuko ngomeni kwake na maskini yuko langoni, na kwamba Mungu ndiye aliyewaumba, wakubwa kwa wadogo, akawapangia hali zao. Percy Dearmer, kasisi wa Kianglikana, na wenzake waliuacha nje walipotoa kitabu cha nyimbo za kanisa, The English Hymnal, mwaka 1906, na mwaka 1982 mamlaka ya elimu jijini London iliupiga marufuku shuleni.

Mtunzi wake ni Cecil Frances Humphreys, mzaliwa wa Dublin, anayejulikana zaidi kwa jina la mumewe, Alexander. Kitabu chake, Hymns for Little Children, kilitoka mwaka 1848, miaka miwili kabla hajaolewa. Mwaka huo si wa kupita juu juu. Ireland ilikuwa katikati ya njaa kuu iliyoanza 1845 viazi vilipoanza kuoza. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakaihama nchi. Baba yake, Meja John Humphreys, alikuwa msimamizi wa mashamba ya lodi mmoja karibu na Strabane, mtu aliyesimama kati ya mwenye ardhi na wapangaji wake. Hilo lango la kwenye wimbo, basi, binti alikuwa akiliona kutoka upande wa ndani.

Wanaomshutumu huishia hapo: mtoto wa watu wenye nafasi anawafundisha watoto wa maskini waridhike. Mimi naona ushahidi mzito zaidi uko kwenye mpangilio. Ubeti wenye utata umewekwa kati ya ule wa maua na ndege na ule wa mlima na mto. Mtoto wa miaka sita hawezi kujua kwamba amevuka mpaka. Ameimba kwamba Mungu ndiye aliyeziumba rangi za maua na mbawa za ndege, halafu kwa sauti ileile, bila hata kupumua, anaimba kwamba umaskini wa jirani nao ni kazi ya mkono uleule. Kodi ya shamba imegeuka kuwa kitu cha asili, kama mto. Tena lango lenyewe ni la Lazaro wa Luka 16, yule aliyelala mlangoni pa tajiri akitamani makombo. Katika Injili, lango hilo linamhukumu tajiri. Hapa halimhukumu mtu.

Upande wa utetezi nao una hoja. Kitabu kile kilitungwa kama mafundisho ya katekisimu yanayoimbika, na nyimbo zake kadhaa zinafuata maneno ya Imani ya Mitume. Huu wa viumbe unaeleza Muumba mbingu na nchi. Once in Royal David's City unaeleza kuzaliwa na Bikira Mariamu. There Is a Green Hill Far Away unaeleza kusulubiwa. Ukiusoma hivyo, ubeti wa ngome unaweza kuwa mwangwi wa Mithali 22:2, kwamba tajiri na maskini Muumba wao ni mmoja. Na ni mwandishi huyuhuyu aliyewaambia watoto kwamba Mwokozi aliishi duniani pamoja na maskini na wanyonge. Mapato ya kitabu nayo yalisaidia shule ya viziwi. Mtu asiyewajali maskini hafanyi hivyo.

Nakubali yote hayo, ila Mithali haisemi lolote kuhusu kupangiwa hali. Hilo aliliongeza yeye, na utetezi wote unakwama papo hapo. Wema wa mtunzi hauusafishi mstari. Unachoonyesha ni kwamba mtu mwema, mwenye kutoa, anaweza kuishi karibu na dhuluma kiasi cha kuiona ni mandhari.

Mtunzi mwingine wa nyimbo za watoto, Anna Bartlett Warner wa Marekani, alipita njia nyingine. Baba yake, wakili wa New York, alifilisika katika msukosuko wa fedha wa 1837, na Anna na dada yake Susan wakalazimika kuandika ili wale. Maneno ya Jesus Loves Me, ambayo shule za Jumapili za kwetu huyaimba kwa Kiswahili, yalitoka 1860 ndani ya riwaya ya dada hao, yakisemwa kwa mtoto mgonjwa mahututi. William Bradbury akayatilia muziki na kiitikio miaka miwili baadaye. Mle hakuna ngome wala lango. Watoto ni dhaifu, Yesu ana nguvu, basi. Sidai kwamba kufilisika ndiko kulikomfundisha, lakini tofauti hiyo inasikika.

Kuufuta ubeti wa ngome ilikuwa sawa, maana watoto hawaimbi tanbihi. Ila wafutaji walishika mwizi mmoja tu, mwingine akawaponyoka. Kwenye Once in Royal, Bi. Alexander anawataka watoto wote wa Kikristo wawe wapole, watiifu na wema kama Yesu alivyokuwa, wakati Yesu wa Luka 2 alibaki hekaluni siku tatu bila kuwaaga wazazi, kisha akawauliza kwa nini walimtafuta. Mstari huo bado umo katika vitabu vingi vya nyimbo, na sijaona aliyeupigia kelele ya kiasi kile.