Gia moja Kisumu: upimie mlima wa Riat au upepo wa ziwa?

Ukitaka ubishi usioisha kwa mafundi wa baiskeli pale Kibuye, uliza baiskeli ya gia moja ifungwe meno mangapi. Wako wanaopimia mlima wa Riat, watakwambia meno 44 mbele, penye pedali, na 22 nyuma, penye gurudumu. Wengine wanapimia lami tambarare ya kwenda Ahero, nao watakufungia 46 kwa 16 na kukucheka ukilalamika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Tairi la 28 lina mzingo wa takriban mita 2.2. Kwa 44 kwa 22, pedali ikizunguka mara moja unasogea mita 4.4, kwa 46 kwa 16, mita 6.3. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, wa kwanza anakwenda kilomita 18 na nusu kwa saa, wa pili karibu 27.

Anayekaa Kiboswa, juu ya Riat, na kufanya kazi mjini hana la kubishana. Riat anaipanda kila jioni akiwa amechoka, na magoti hayauzwi dukani. Achukue 22. Lakini ukimpa gia hiyo mtu wa Nyamasaria, kule tambarare, umemwonea: miguu itazunguka kama cherehani na matatu zitampita hadi basi.

Kwa hiyo 46 kwa 16? Hapo watu wa tambarare husahau ziwa. Asubuhi unateleza hadi Ahero bila jasho. Alasiri, nchi kavu ikishashika moto, upepo unavuma kutoka ziwani, na wewe unarudi ukiukabili kwa kifua. Siku hiyo tambarare nzima ya Kano inakuwa mlima. Mimi nimefunga 44 kwa 18, mita 5.4, kwa sababu upepo nakutana nao kila wiki na Riat mara moja kwa mwezi. Nikifika Riat nashuka, nasukuma. Waliobeba abiria mpakani Busia, kulikozaliwa jina bodaboda, walikuwa na gia moja tu, na kwenye mwinuko walisukuma bila haya.

Kwa fiksi, yaani baiskeli isiyo na friwili, mambo yanageuka. Pedali hazisimami hata ukiteremka. Shuka Riat kwa kilomita 45 kwa saa na gia ya mita 4.4: miguu inatakiwa kuzunguka mara 170 kwa dakika. Gia nyepesi iliyokuokoa ukipanda ndiyo itakayokutupa ukishuka. Weka breki ya mbele, tafadhali. Urembo wa baiskeli tupu ni wa picha.

Tena wapenda fiksi hufunga meno bila kuangalia tairi. Rafiki yangu alikuwa na 48 kwa 16, akipunguza mwendo kwa kukaza miguu hadi gurudumu la nyuma liburute. Fundi alipitisha kidole kwenye tairi, akacheka: "Omera, hii imeliwa mahali pamoja kama sabuni." Nyuzi zilikuwa nje, kwingine kote tairi bado jipya. 48 kwa 16 ni 3 kamili: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu bila salio, hivyo kila akikaza miguu vilevile, sehemu ileile ndiyo inayogusa lami. Angefunga 47 kwa 16, namba zisizo na kigawo cha pamoja, zingekuwa sehemu 16 za kugawana mateso.

Kuhusu upana wa tairi sina subira na ubishi. Jembamba la milimita 25 ni jepesi na linakimbia kwenye lami safi, ila linataka kujazwa upepo mwingi, na kwenye mashimo unahesabu kila kokoto kwa meno yako. La 38 linakwenda na upepo mdogo, linameza matuta, na kwenye barabara mbovu halikucheleweshi. Kumbuka tu kwamba nalo linaongeza uzito wa gia: mzingo unakua kwa karibu asilimia 4, kama theluthi mbili ya kupunguza jino moja kwenye 18 ya nyuma.

Kabla ya kulipa, ingiza kidole kati ya tairi na foku. Kisipopita, rudisha. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na masika iliyopita nilitoka kwenye mashamba ya mpunga baiskeli ikiwa imenipanda mimi begani.