Bustani Ile Ile, Kila Siku

Ukitaja kutazama wanyama, wengi huwaza mbuga kubwa, tembo na simba, na safari ya kupangwa miezi kadhaa kabla. Mimi nashikilia kwamba bustani ya karibu, ile unayoikatiza kwenda na kurudi kazini, inafundisha zaidi, kwa kuwa unaipita kila siku. Mgeni wa mbugani humwona mnyama kwa dakika chache. Mpita njia wa kila siku hupata kujua anavyoishi.

Chukua kunguru, ndege tunayemdharau kama mwizi wa majalalani. Mwaka 2006, John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, walivaa vinyago walipokuwa wakiwanasa kunguru na kuwavisha pete miguuni kabla ya kuwaachia. Tangu hapo, yeyote aliyepita na kinyago kile alipigiwa kelele na kunguru, na waliendelea hivyo kwa miaka. Hata kunguru ambao hawakuwahi kunaswa walijifunza kwa wenzao na kujiunga na zogo. Tangu nilipolijua hilo, nikipita chini ya mti wenye kunguru najua kwamba nami natazamwa, na huenda nakumbukwa.

Kindi naye anastahili usimame. Hufukia kokwa ardhini kwa ajili ya siku za njaa, na akihisi kuna anayemchungulia, huchimba shimo na kujifanya anafukia, kumbe kokwa bado iko kinywani. Anazozisahau huota, kwa hiyo baadhi ya miche inayochipuka mahali pasipopandwa na mtu ni kazi yake.

Lakini ninaowapenda kuliko wote ni wadudu. Ukiona chungu wanapanda na kushuka kwenye shina changa, wafuatilie hadi juu. Huko utakuta vidukari wamebanana wakifyonza utomvu na kutoa matone matamu, na chungu wakiyanywa matone hayo. Subiri kidogo zaidi. Akija mbawakawa mwekundu mwenye madoa kuwala vidukari, chungu humvamia na kumfukuza, kama wafugaji wanaolinda zizi lao. Yote hayo hutokea kwenye tawi lisilozidi urefu wa kidole. Na ule utando wa buibui unaoukuta asubuhi ukiwa mzima huenda ni wa usiku uliopita tu: buibui wengi wa tando za duara hula utando uliochakaa, kisha hufuma mwingine kwa protini ile ile.

Darubini husaidia, ila masikio husaidia zaidi, basi muziki usubiri. Ndege wadogo wakinyamaza ghafla, au wakianza wote kulia kwa mlio mfupi mkali, inua macho: mara nyingi kuna mwewe, paka au nyoka.

Kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko raha yenyewe, nayo ni kujua kilichotoweka. Kereng'ende huanza maisha yake majini, kwa miezi na hata miaka kutegemea aina, akila viluwiluwi vya mbu. Bwawa likimwagiwa dawa ya kuua mbu, huenda na yeye akafa. Asiyewahi kumwona pale hatashtuka.

Hapa ndipo ninapokasirika. Bustani nyingi hutunzwa kana kwamba usafi maana yake ni kutobakiza chochote. Nyasi hunyolewa hadi udongo uonekane, majani makavu hufagiwa na kuchomwa, na gogo lililoanguka huondolewa siku hiyo hiyo. Chini ya majani yale wanaishi minyoo, majongoo na konokono, chakula cha ndege wale wale tunaosema tunawapenda. Siombi bustani igeuke msitu. Naomba kona moja isikatwe mpaka maua yamalize kutoa mbegu, na gogo moja liachwe lioze.

Mwenye haki ya kuliomba hili ni mtu anayepita pale kila siku, akiwa na daftari: tarehe, mahali, alichokiona. Nenda kwa wasimamizi wa bustani na kurasa hizo, uwaonyeshe kereng'ende walionekana lini kwa mara ya mwisho na bwawa lilipuliziwa dawa lini, kisha uwaulize wanapanga kufanya nini.