Mkristo, Bendera na Rangi ya Ngozi: Pale Hoja za Mzee Wetu Zinapopwaya

Katika sharika nyingi za Arusha na Moshi yupo mzee wa kanisa ambaye msimamo wake unajulikana hata kabla hajafungua mdomo. Anaipenda nchi yake na hapendi isemwe vibaya. Uhuru kwake ni zawadi ya Mungu yenye mipaka, wala mtu hakupewa ili afanye lolote analotaka. Kuhusu rangi na makabila, atakusomea Matendo 17:26, kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote kutoka katika mmoja. Kwa hiyo ubaguzi ni dhambi ya moyo na dawa yake ni toba. Sheria, maandamano na kufukua mambo ya wakoloni, anasema, vinaongeza uchungu tu.

Msimamo huo una ndugu zake mbali, hasa kwa Wakristo wahafidhina wa Marekani ambao mahubiri yao yanatufikia kila siku kwa redio na simu. Lakini tusimwonee mzee wetu kwa kudhani ameazima kila kitu. Mengi ameyapata kwenye Biblia ya Kiswahili aliyofundishiwa kipaimara. Mimi mwenyewe nimelelewa Kilutheri na watu wa namna hiyo, na naona hoja yake ya kwanza ina nguvu kuliko wasomi wetu wanavyokubali.

Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wautakie amani mji ule na kuuombea. Hakuwaambia wausujudu. Hapo ndipo uzalendo wa Kikristo unapopata kipimo chake: unaitumikia nchi kwa bidii, unalipa kodi, unaheshimu wenye mamlaka, na bado unajua kwamba juu ya Ikulu yuko mwingine. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala. Umetokana na utenzi wa kanisani alioutunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na unachofanya ni kuomba baraka, hekima, umoja na amani. Taifa linaloanza shughuli zake kwa kuomba limekiri kwamba halijitoshelezi. Mzee akisema hivyo, nampa mkono.

Tatizo linaanza pale anaposahau kipimo hicho. Kulikuwa na wanafunzi, watoto wa Mashahidi wa Yehova, waliochukuliwa hatua shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 mahakama ikaamua kwa upande wao. Nimewasikia wahafidhina wengi wakilaani uamuzi ule: asiyeimba si mzalendo, arudi kwao! Lakini ni walewale wanaowafundisha watoto wa Shule ya Jumapili habari za Shadraka, Meshaki na Abednego, waliokataa kuisujudu sanamu ya mfalme, kwa fahari kubwa. Mimi pia sikubaliani na mafundisho ya Mashahidi, na wimbo huo nauimba kwa sauti. Hata hivyo, ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa imani, haikuandikwa kwa ajili ya imani za walio wengi peke yao. Mhafidhina anayeogopa serikali kuingilia madhabahu yake alipaswa kuwa wa kwanza kuwatetea watoto wale.

Sasa nije kwenye rangi, ambako naona mzee wetu anashika nusu ya ukweli kwa mikono miwili.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliteua tume ya ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson. Tume ilipendekeza ardhi ipangwe upya, ili mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro yawe eneo moja lisilokatizwa na Waafrika. Novemba 1951 utekelezaji ukaanza. Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Walutheri, watu waliobatizwa, wenye nyimbo zilezile tunazoimba leo. Waliowafukuza walikuwa watumishi wa mfalme ambaye ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza.

Jiulize: palihitajika chuki kiasi gani moyoni mwa ofisa mmojammoja ili kazi ile ifanyike? Kidogo sana, pengine hata hakuna. Ofisa angeweza kuwa mwungwana, mwenye kusali asubuhi na kumpenda mpishi wake Mmeru kama ndugu, na bado akasimamia amri kwa sababu amri ilikuwa halali na mipaka ilikwisha kuchorwa kwenye ramani. Ubaguzi ulikuwa umekwisha kuwekwa ndani ya karatasi. Toba ya mtu mmoja isingeiondoa karatasi ile. Ilitakiwa mtu wa kuishtaki.

Akapatikana Japhet Kirilo. Wameru walimtuma, akiwa na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo. Azimio lililowaunga mkono lilikwama kwenye Baraza Kuu kwa kukosa theluthi mbili ya kura. Hata hivyo kesi ile iliwaamsha watu nchi nzima, miaka miwili kabla TANU, chama kilichopigania uhuru, haijazaliwa. Kwangu, huyo ndiye mzalendo wa kupigiwa mfano: aliipenda nchi yake kiasi cha kuishtaki serikali iliyokuwa ikiitawala. Je, mzee wetu angemwambia aende nyumbani akaombee mioyo ya walowezi?

Najua atakavyojibu, na jibu lake nalichukua kwa uzito: wale hawakuwa wameokoka kweli. Lakini jibu hilo halina mwisho. Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani walijitenga mwaka 1845 kwa sababu ya utumwa, na ilipofika 1995 ndipo wakaomba radhi rasmi. Kwa miaka 150 waliita watu watubu kila Jumapili, na jambo hili moja likabaki limefunikwa. Hapahapa Arusha, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, na padri wa Kikatoliki, Athanase Seromba. Nchi ile ilijaa makanisa. Ilikuwa pia na kitambulisho chenye kabila la mtu, utaratibu ulioletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi ile ilitosha kuamua nani apite kizuizini na nani auawe. Kadi ni sheria. Kama isingekuwapo, wapo ambao wangepita.

Na ikiwa mzee anataka shahidi kutoka upande wake mwenyewe, yupo William Wilberforce, mbunge wa Uingereza na Mkristo mhafidhina kwa kipimo chochote. Alihubiri toba, ndiyo, lakini pia alikaa bungeni miaka na miaka mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku kwa sheria mwaka 1807.

Upande wa pili nao usijione umeshinda. Wapo vijana wetu wanaoamini kwamba serikali ikishika kila kitu usawa utakuja wenyewe, na kwao neno toba ni la kizamani. Hao nawakumbusha mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria ile haikutaja rangi ya mtu, lakini pigo kubwa liliwaangukia Watanzania wenye asili ya Asia, pamoja na familia za Arusha na Moshi zilizojenga maduka na nyumba kwa vizazi. Wengi walifunga virago. Miaka 10 tu kabla ya hapo, Oktoba 1961, Nyerere alikuwa amewaambia wabunge kwamba uraia utafuata utii kwa nchi na hautafuata rangi, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kama wangekataa. Mhafidhina anayeshuku mkono mrefu wa dola ana sababu zake, na mojawapo bado imesimama katikati ya miji yetu, kuta zake zikiwa na majina ya wenyewe wa zamani.

Tena kuna mahali ambapo sheria haifiki kabisa. Hakuna ibara inayoweza kumzuia mhudumu wa mgahawa hapa mjini kumkimbilia mtalii na kumwacha Mtanzania mwenzake akisubiri, wala kumzuia mzazi asikatae posa ya kijana wa kabila jingine waliyekuwa wakishiriki naye Meza ya Bwana. Hapo namrudishia mzee kipaza sauti. Hiyo ni kazi ya mimbari, na mimbari zetu zimenyamaza mno.

Nisichoweza kumkubalia ni hili la kutofukua. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia za Kichaga zimekuwa zikidai mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa Ujerumani. Wanaodai ni wajukuu wa Kikristo wanaotaka kuzika. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Vita vya Majimaji. Rais akitubu kwa niaba ya dola, toba imetoka moyoni mwa mtu mmojammoja na kuingia katika mambo ya serikali, palepale mzee wetu aliposema haina kazi. Naye anaijua vizuri habari ya Zakayo, ambaye siku ya wokovu wake aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Basi asimame na familia za Old Moshi, na wazee wenzake wa kanisa wasimame naye, hadi mabaki hayo yarudi na kuzikwa.