Mjomba akae kitandani, korosho aokote nani?

Juzi nimeingia duka la dawa hapa Mtwara mjini kununua gozi na bandeji za mjomba. Kijana wa duka akanitolea kipande cha kitambaa chenye madini ya fedha, ukubwa wa kiganja, elfu themanini. "Kaka, hiki cha kisasa, kimefanyiwa majaribio Ulaya. Donda linafunga lenyewe." Nikamuuliza: kililinganishwa na nini? Akanitazama kama nimeuliza bei ya bahari, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Mjomba yuko Tandahimba. Ana sukari mwaka wa tisa na nyayo zimekufa ganzi. Donda lake lilianzishwa na panya. Msicheke. Aliamka akakuta shuka lina damu na nyama ya chini ya kidole gumba imetafunwa, usiku kucha hakusikia kitu. Nilidhani ni mkosi wa ukoo wetu, kumbe Dokta Zulfiqarali Abbas na wenzake walishaandika tangu 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapahapa Tanzania walioliwa miguu na panya usingizini.

Sasa hayo majaribio. Mimi nayapenda, ndiyo maana nachukia yakinukuliwa nusu. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya kitambaa chenye dawa iitwayo sukrosi oktasulfati: wagonjwa 240 kutoka Ufaransa, Hispania, Italia, Ujerumani na Uingereza, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kafungwa kipi. Baada ya wiki 20, asilimia 48 ya waliopata chenye dawa madonda yao yalikuwa yameziba, na asilimia 30 ya wenzao waliofungwa kisicho na dawa. Kazi safi, sina neno. Ila hesabu hiyohiyo inasema zaidi ya nusu ya waliopata kile kizuri walifika wiki ya 20 donda likiwa wazi. Na hicho si kitambaa cha yule kijana. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 unasema vitambaa vya fedha visitumike kwa lengo la kufungisha donda. (Na nyie mnaopaka asali, imekataliwa humohumo, msijifiche.)

Lakini kinachonichoma hasa ni jaribio jingine, lililofanyika Uingereza, Denmark na Sweden. Damu ya mgonjwa mwenyewe inazungushwa kwenye mashine, inatoka na kijiutando kinachobandikwa kwenye donda. Kabla ya yote, kila mgonjwa alipewa kwanza wiki 4 za matunzo ya kawaida. Ambaye donda lake lilipungua nusu ndani ya wiki hizo akatolewa: huyu anapona bila mashine yetu, aende zake. Soma tena hapo. Wenzetu wanajaribu vya kisasa kwa mtu ambaye vya kawaida, tena vilivyofanywa sawasawa, vimeshindikana. Mjomba wangu hizo wiki nne hajawahi kuzipata hata siku mbili.

Kwa sababu cha kwanza katika vya kawaida ni kuondoa uzito kwenye donda. Nesi kamwambia, "Mzee, usikanyage." Maneno mawili, kisha mgonjwa anayefuata. Ni Oktoba. Korosho zinadondoka, ukizichelewesha mvua inazikuta chini, na ghalani kwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, hawapokei pole. "Mpwa wangu," ananiambia, "nikae kitandani, korosho aokote nani? Huyo nesi?"

Jumapili nilimfungua mwenyewe. Gozi iliyotoka zahanati nyeupe ilikuwa na rangi ya udongo wa shamba. Donda lenyewe dogo, kama kifungo cha shati, limezungukwa na sugu ngumu kama ganda la yai, na katikati, nakuapieni, punje za mchanga. Juu ya hapo ndipo nibandike elfu themanini? Akanyage nayo mpaka jioni?

Mwongozo uleule unataka donda la chini ya mguu kama hili lifungiwe kifaa kisichovulika hadi karibu na goti. Kwa lugha yetu: hogo. Hogo la plasta, lile la waliovunjika. Uzito unatawanyika, na mgonjwa hawezi kulivua nesi akigeuka. Nilipouliza hospitali moja, nikajibiwa plasta ni ya mifupa. Mnajua kwa nini hamjasikia tangazo lake? Hogo halina wakala.

Haya, nakubali kwa shingo upande: likifungwa vibaya linazaa donda la pili, na kama mguu umeoza au damu haifiki, si la kukimbilia. Linataka mikono iliyofundishwa. Basi ifundisheni!

Na mkitaka kupima vitambaa vya kisasa, njooni mpime huku, Newala, Masasi, Nachingwea, msimu wa korosho. Kundi moja hogo na gozi ya kawaida, la pili hogo na hicho kitambaa chenu, na wote, narudia wote, walipiwe kibarua wa kuokota korosho mpaka jaribio liishe. Hapo nitayaamini matokeo. Mgonjwa wa Ulaya akiambiwa apumzike, yako mahali ameandikiwa siku za ugonjwa. Wetu ameandikiwa deni la salfa ya kupulizia mikorosho.

Elfu themanini sikuitoa dukani. Imemlipa kijana wa kuokota, siku chache tu. Nikakumbuka pia habari za Paul Brand, daktari wa wakoma kule India, ambaye wagonjwa wake wasiosikia maumivu walikuwa wakitafunwa vidole na panya usiku. Dawa yake ilikuwa paka. Nimempelekea mjomba paka kwenye kikapu, kwa hayisi ya Nanyamba, nikachekwa njia nzima. Jana kanipigia. Panya hakuna. "Lakini mpwa, huyu anakula dagaa kuliko mimi."