Gari inavuta kushoto, na kila mtu anakwambia alaimenti

Jana jioni jirani yangu, mwalimu, kaniita nje nimuangalizie tairi. Toyota IST yake ya 2003, zile mbili za mbele kanunua mpya mwezi wa sita. Ukisimama ukazitazama kwa juu unaona kashata (yale meno ya tairi) bado zipo, lakini pitisha kiganja ubavu wa ndani: kipara, na nyuzi za waya zimeshaanza kutoka zinakukwaruza vidole. Miezi minne tu jamani. Na ndani ya hiyo miezi minne kafanya alaimenti (kupimiwa na kurekebishiwa mkao wa tairi) mara tatu kwa hela yake ya mshahara, kila mara anaambiwa "dada, gari sasa iko poa", na kila mara akitoka mjini hapa Dodoma kuelekea Nzuguni, kabla hajafika usukani unaanza tena kumvutia kushoto.

Nikamuuliza, kuna aliyeipiga jeki akaingia chini? Hakuna. Mara tatu zote hakuna.

Hiki kitu kinaniuma sana na nakisema kwa uchungu kabisa. Hizi gari zetu ndogo, kwenye alaimenti ya mbele kitu anachoweza kukizungusha fundi ni tai rodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) basi, yaani anarekebisha tairi zinavyotazamana, ziingie ndani au zitoke nje. Kemba (tairi kulalia ndani au nje kwa juu) haina pa kurekebishia jinsi ilivyotoka kiwandani, kasta (mhimili wa kukatia kona kulalia mbele au nyuma) nayo vilevile. Sasa tai rodi ikikaa vibaya gari itakula tairi, na usukani utakaa umepinda wakati unaenda moja kwa moja, lakini kuvuta upande mmoja mara nyingi hakutoki hapo. Kwa hiyo mtu analeta gari inavuta, anatengenezewa kitu kingine, analipa, anaondoka na ugonjwa wake uleule!

Na hata hiyo ya kula tairi, ukipima gari ambayo bushi (mipira ya kwenye viungo vya chini) zimekufa unapima nini? Pale kwenye mashine gari imesimama, imetulia, namba zinakuja nzuri. Ukitoka ukakanyaga mafuta, ukashika breki, ukapanda tuta, kontroli amu (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) inacheza mbele na nyuma, na tairi hazitazami tena kule zilikoelekezwa. Ile karatasi uliyopewa ilikuwa kweli kwa muda ule gari imesimama tu.

Tusijidanganye pia kuhusu umri. Gari ina zaidi ya miaka 20, na mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki. Halafu sisi wa Ilazo, Swaswa, Nkuhungu, mpaka ufike kwenye lami umeshavuka makorongo yaliyochongwa na mvua za Januari na hakuna aliyeyafukia, asubuhi na jioni, wiki nzima. Bushi gani itavumilia hapo.

Basi leo asubuhi tukaanza na vile visivyo na gharama. Upepo kwanza, kibandiko kiko pale kwenye mlango wa dereva kinakwambia ujaze ngapi, maana tairi moja ikipungua upepo peke yake inatosha kuvuta gari. Upepo ulikuwa sawa. Tukabadilishana tairi za mbele, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto (kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo usifanye hivi), kuvuta kungehamia kulia ningejua ni tairi, hakukuhamia. Tukaendesha bila kushika breki sana halafu nikasogeza mkono karibu na rimu, zote joto moja, kwa hiyo hakuna breki iliyong'ang'ania. Na tukaenda kwenye uwanja tambarare, kwa sababu lami zetu zimeinamishwa pembeni maji yatiririke na sisi tunapita kushoto, gari nzima kabisa nayo inaweza kuelea kushoto kidogo ukiachia usukani. Yake haikuwa kidogo. Ukikanyaga mafuta inaenda huku, ukiachia inarudi kule. Hapo nikashajua tunaenda wapi.

Kuna mzee mmoja Chang'ombe, gereji yake ni mti na turubai. Shikamoo, marahaba, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha dada wa watu. Akapiga jeki, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini akatikisa, kimya, boli jointi (kiungo kati ya amu na gurudumu) nzima. Akashika kulia na kushoto akatikisa, kimya, tai rodi nzima. Halafu akaingia chini na mtaimbo mfupi, akauchomeka nyuma ya kontroli amu ya kushoto, akaukandamiza. "Mwalimu, njoo uone." Mwalimu akachuchumaa na gauni lake pale kwenye vumbi akachungulia. Mpira wa bushi ya nyuma umepasuka mduara mzima, chuma cha katikati kinaelea, kila akikandamiza amu inarudi nyuma na gurudumu linaenda nayo. Gurudumu la kushoto likirudi nyuma gari inavuta kushoto, ndo hivyo tu. Mwalimu akaniangalia akasema, "Kaka, hii miezi yote kumbe ni hiki?"

Tukanunua bushi mpya za pande zote mbili, zikapigwa presi. Na hapa naomba mnisikilize maana hapa ndo wengi wanaumizwa mara ya pili: ile bolti ya bushi haikazwi ya mwisho gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Mzee aliibana kidogo tu, akashusha gari ikasimama kwa uzito wake, ndo akakaza. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unashikwa katika mkao ule, ukishusha gari unakaa umejisokota muda wote, unapasuka mapema, na utaambiwa spea ilikuwa feki.

Shokapu kazikagua pia, hazivuji. Sawa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba na sisi wateja tuna makosa. Fundi akisema nipe elfu kumi nikague tu tunamuona tapeli, tunataka aguse, abadilishe kitu, tuondoke. Sasa fundi ambaye halipwi kuangalia ataangalia kwa nini? Atabahatisha. Mimi nasema lipeni ukaguzi, ulipeni peke yake, na msinunue spea yoyote kabla hamjaonyeshwa inavyocheza kwa macho yenu kama mwalimu alivyochuchumaa pale.

Tumerudi nayo jioni. Kaachia usukani kidogo, gari imeenda moja kwa moja, hakusema kitu mpaka tumefika nyumbani. Jumamosi anaweka tairi nyingine mbili halafu nampeleka kwenye alaimenti, hiyo ya nne, na safari hii mashine itapima gari isiyocheza.