Mashujaa Wangu Nawajua kwa Migongo

Mtu wa mpira ana raha yake. Shujaa wake anamwona kwenye televisheni, mechi ikiisha kila mmoja analala kwake, heshima inabaki palepale. Hakuna siku ataambiwa avae bukta aingie uwanjani akamkabe mshindi wa Kombe la Dunia.

Sisi wa triathloni hatuna bahati hiyo. Unalipa kiingilio, unaandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na maji unayoingia ni yaleyale anayoingia bingwa wa dunia. Yeye anatoka anaongoza. Wewe unatoka umeshiba.

Kwa asiyeujua mchezo: unaogelea, unapanda baiskeli, halafu unakimbia, na saa haisimami hata ukiwa unavaa soksi. Masafa ya Olimpiki ni kilomita 1.5, 40 na 10. Ile ndefu, Ironman, ni 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli, kisha marathoni nzima, kana kwamba kuna mtu umemkosea. Ilianza Hawaii mwaka 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Wenzangu humtaja mshindi. Mimi moyo wangu uko kwa wale 3.

Sasa, shujaa wa kwanza nilikutana naye kwenye foleni ya choo. Asikudanganye mtu, triathloni haianzii majini, inaanzia hapo, alfajiri, watu mia wamevaa mavazi ya kuogelea ya mpira mweusi kama sili na kila mmoja anahema kivyake. Nainua macho, aliye mbele yangu ni yule bingwa ambaye picha yake iko ukutani kwangu. Jina simtaji, nimstahi, maana ya chooni hayasimuliwi. Nilikuwa na swali nimelitunza miaka, la kuvuta pumzi kwenye mawimbi. Nikafungua kinywa, likatoka hili:

“Kumbe hata wewe?”

Akanitazama juu mpaka chini, kwa huruma kabisa, akasema, “Zipu inakaa mgongoni.”

Nilikuwa nimelivaa vazi langu kinyume. Nikalivua palepale, watu wanatazama, na kwa kuwa mkono ulishakuwa wazi na aibu nilishaimaliza yote, nikaazima kalamu ya wale wanaoandika namba nikamwomba anisainie. Akasaini, Mungu ambariki, sahihi ndefu yenye mkia. Mkia ukapita juu ya namba yangu. Mchana kutwa waamuzi walikuwa wananikodolea macho kama wanasoma cheti cha daktari.

Hayo si kitu. Wino ule umetengenezwa ushindane na bahari, sabuni utaiogopa kwa lipi? Siku ya tatu mama watoto akaushika mkono wangu mezani.

“Huyu ni nani?”

“Bingwa wa dunia.”

“Wa nini?”

Jamani, nieleze nini? Nianzie chooni?

Wa pili nilimpita. Rudieni kusoma: nilimpita. Alikuwa pembeni ya barabara, gurudumu limetoboka, anabadilisha mpira. Njia ilikuwa ya kuzunguka, kwa hiyo yeye alikuwa amenitangulia mzunguko mzima, lakini hayo ni mambo ya mahesabu. Nikampigia kelele, “Pole sana!” kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu. Nikainama kwenye usukani kama mtu anayekimbizwa. Dakika chache baadaye nikasikia nyuma yangu ule mvumo wa gurudumu la bei ya shamba, upepo ukanipiga shavu, na sauti ikaniambia, “Pole sana!” Hadi leo sijajua alikuwa ananifariji au anautaja mwendo wangu.

Ninayempenda kuliko wote, hata hivyo, ni Alistair Brownlee, na hapo sisemi medali zake 2 za dhahabu za Olimpiki. Nasema ile siku ya 2016 kule Cozumel, Mexico, mdogo wake Jonathan alipoanza kuyumba kama mlevi karibu kabisa na utepe. Alistair angeweza kujipitia. Akamshika bega, akamkokota, akamsukuma avuke mbele yake. Nikamwonyesha kaka yangu video ile, nikamuuliza kama naye angenifanyia hivyo. Akaitazama mpaka mwisho. Akasema hao walikuwa wanagombea nafasi ya pili.

Basi nikajiandikisha ile ndefu. Sikio la kufa. Tulianza saa moja asubuhi, na mlango ulikuwa unafungwa saa sita usiku, saa 17 kamili. Wakubwa wa mchezo huu wana desturi ya kurudi usiku kuwapokea wa mwisho. Chrissie Wellington, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Ironman mara 4, alikuwa anasimama pale kuwavisha watu medali. Kwa hiyo njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Kilomita ya 30 nilikuwa na utangulizi. Ya 35 nikaongeza shukrani kwa wazazi. Ya 40 magoti yalishanikana, lakini hotuba ilikuwa imekamilika, ina hata mahali pa kulia.

Nikavuka zimebaki dakika 11. Bingwa wa siku hiyo yuko pale kweli, ameshaoga, ameshakula, naapa alishalala kidogo, shavuni ana alama ya mto. Akanivika medali. Akanishika mabega yote mawili, akaniangalia machoni, akasema, “Hongera. Unajisikiaje?”

Miaka yote ile, hotuba yote ile.

“Choo kiko wapi?” nikasema.

Akanyoosha kidole. Kulikuwa na foleni.