Sio kila muvi ni ya kula na bisi

Mwandishi umesema watu wamegawanyika kuhusu 12 Years a Slave, ile muvi ya Solomon, mtu mweusi huru wa Marekani aliyeibwa akauzwa utumwani, kuna wanaoisifia na kuna wanaoona ni mateso tu mwanzo mwisho, mi niko katikati. Niliiangalia kibanda umiza huku Mbagala, mia tano yangu, DJ anatafsiri juu kwa juu na vichekesho vyake kibao kama kawaida, ikafika ile sehemu Solomon ananing'inia kwenye kamba, vidole vya miguu vinatafuta tope, nyuma yake wenzake wanaendelea na kazi zao na watoto wanacheza, kamera haihami. DJ akanyamaza. Yaani banda zima unasikia feni tu. Wawili watatu wakasepa, mmoja anadai hela yake, eti alikuja kuangalia mapigano.

Siwalaumu, mtu katoka kubanwa kwenye daladala anataka acheke. Ila nyie mnaosema wameongeza chumvi, yule jamaa aliibwa kweli 1841 akaja kuwa huru 1853, na kitabu kipo, maisha yake mwenyewe. Mimi kilichonikera ni Brad Pitt kutokea mwishoni kama mkombozi, hapo nilichoka. Lupita Nyong'o sasa, aliyecheza yule mtumwa Patsey! Pale anapojitetea kwamba alifuata sabuni tu, kipande cha sabuni jamani, halafu anachapwa vile... Oscar ilikuwa halali yake. Nilimwekea bi mkubwa nyumbani, hata nusu hajafika, akaniambia mwanangu zima hiyo niwekee ya Kinaijeria.